Ewe, bahnica, mfarika: kwa nini kondoo wana majina mengi na jinsi ya kutoyachanganya

Andika "kondoo" kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Kiingereza kitakupa "sheep", Kislovakia kitakupa "ovca". Majibu yote mawili ni sahihi. Lakini beba maneno hayo uende nayo kwenye mnada wa mifugo Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, au kwenye zizi la milimani Liptov, Slovakia, uone kama yatakufaa. Mnadani Cumbria karibu hakuna anayetangaza anauza "sheep". Wanatangaza gimmers, shearlings, store lambs, draft ewes na mules. Kule Liptov wanazungumza habari za bahnice, jarky na barany. Mgeni mwenye neno moja la kamusi anabaki anatazama midomo ya watu.

Mtandaoni kumejaa orodha za maneno ya mifugo zenye safu ya Kiingereza upande huu na tafsiri upande ule. Kwa mtu anayeanza si mbaya, ila zinampa imani kwamba kila neno lina mwenzake ng'ambo ya pili. Mengi hayana. Na pale ambapo orodha imelazimisha wenza, ndipo mwanafunzi, mkalimani au daktari wa mifugo anapoandika jambo ambalo mfugaji atalicheka.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na hili. Mnazi mmoja unatupa kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata, na mtu aliyeagiza dafu akaletewa koroma ana haki ya kulalamika. Majina hayo yanafuata matumizi: maji ya kunywa, tui, mafuta. Kwa kondoo ni vivyo hivyo. Ukijua wafugaji wa mahali fulani walimtaka kondoo kwa ajili gani, majina yao yanaacha kuwa fumbo. Waingereza kwa karne nyingi walitaka sufu, kwa hiyo wanahesabu mara ngapi mnyama amenyolewa. Waslovakia wa milimani walitaka maziwa, kwa hiyo wanauliza kama amezaa. Sisi, ambao kondoo wetu wengi, kama yule mwekundu wa Kimaasai na yule mwenye kichwa cheusi wa Kisomali, wana nywele fupi na si sufu ya kunyoa, tulitaka nyama na mafuta ya mkia.

Maswali manne

Jina lolote la mfugo linajibu swali moja au zaidi kati ya haya manne: ni dume au jike? Amehasiwa? Ana umri gani? Kama ni jike, amekwisha kuzaa?

Kiswahili chenyewe kina majibu yake, ingawa mengi yamebaki kamusini na kwa wafugaji. Mfarika ni mbuzi au kondoo anayekaribia kupevuka, bado hajazaa. Mtamba ni mwenzake upande wa ng'ombe. Mbuguma ni ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Beberu ni dume la mbuzi, fahali dume la ng'ombe, na maksai ni fahali aliyehasiwa. Ndafu asili yake ni mbuzi aliyehasiwa akanoneshwa, ijapokuwa leo ukilitaja neno hilo kwenye harusi, watu wanamtarajia mbuzi mzima aliyechomwa, anasukumwa ukumbini akiwa na majani mdomoni.

Kwa Kiingereza, dume la kondoo ni "ram" kwenye vitabu na "tup" midomoni mwa wafugaji wa kaskazini na Scotland. Jike ni "ewe". Msomaji wa Kiswahili akiliona neno hili anataka kulisoma kama anayeita "ewe Mola!", lakini linatamkwa "yuu", sawasawa na "you". Dume aliyehasiwa ni "wether", na mtoto ni "lamb", ambalo ile b ya mwisho haitamkwi.

Hilo la wether limewapotosha wengi kupitia habari za siasa. Kila uchaguzi wa Marekani au Uingereza unapokaribia, wachambuzi hutaja jimbo fulani kuwa ni "bellwether", na nimeona likitafsiriwa kana kwamba lina uhusiano na hali ya hewa, yaani "weather". Halina. Ni kondoo aliyehasiwa, mtulivu, aliyefungwa kengele shingoni ili wenzake wamfuate. Jimbo linaloitwa hivyo ni lile ambalo likielekea upande fulani, nchi nayo huelekea huko.

Kiingereza kinahesabu manyoya na meno

Chukua mwanakondoo aliyezaliwa Aprili huko Cumbria. Mpaka aachishwe kunyonya, akiwa na miezi kama minne, yeye ni lamb: ewe lamb akiwa jike, tup lamb akiwa dume, wether lamb akiwa amehasiwa. Ikifika vuli jina linabadilika, anakuwa "hogg" au "hogget", na atabaki nalo hadi atakaponyolewa mara ya kwanza, kiangazi cha mwaka unaofuata, akiwa na miezi 14 au 15. Tahadhari: "hog" yenye g moja ni nguruwe. Katika maandishi g ya pili ndiyo inayookoa, lakini kwa sikio hakuna tofauti, na mtafsiri anayemsikiliza mfugaji wa milimani akiongelea hoggs zake za majira ya baridi anaweza kumjengea banda la nguruwe ambalo hana.

Akishanyolewa mara moja anaitwa "shearling". Jike wa rika hilo kaskazini ni "gimmer", na katika sehemu za kusini wanasema "theave". Maneno haya matatu hayana tafsiri ya neno moja kwa Kiswahili na hayawezi kuwa nayo, kwa sababu msingi wake ni mkasi wa sufu. Kumwita gimmer "mfarika" si kosa kubwa, ila ujue unatafsiri nusu: umesema hajazaa, hujasema amenyolewa.

Sufu ilikuwa na uzito kiasi gani? Katika Baraza la Malodi, London, spika anakalia kiti kipana chekundu kilichojazwa sufu, desturi iliyoanza karne ya 14 kwa sababu sufu ndiyo ilikuwa utajiri wa nchi. Leo bei ya sufu ya kawaida mara nyingi hailipi hata ujira wa mnyoaji. Biashara imefifia, majina yamebaki.

Kipimo cha pili ni meno, na hiki kinatuhusu hata sisi. Kondoo ana meno 8 ya mbele, yote kwenye taya la chini. Juu hana meno ya mbele kabisa, ana ufizi mgumu tu. Wapo wanunuzi wanaomfungua kondoo mdomo, wanakuta juu ni patupu, wanaondoka wakisema ni mzee aliyeng'oka meno. Wanakimbia mnyama mzima asiye na ila. Cha kutazama ni meno ya chini. Mshike kondoo chini ya taya, inua kichwa kidogo, fungua mdomo wa chini kwa kidole gumba, utazame mbele tu. Usipeleke vidole nyuma kwenye magego, yanasaga. Meno ya utotoni ni madogo na membamba. Ya ukubwani ni mapana, huonekana kama majembe kando ya vijiti.

Jozi ya katikati hubadilika mnyama akiwa na miezi 12 hadi 18, naye huitwa "two-tooth". Akiwa na manne, kwenye mwaka wa pili, ni "four-tooth". Akiwa na sita ni "six-tooth". Yote manane yakishatimia, anapokaribia miaka 4, ni "full-mouth". Baada ya hapo meno huanza kupanuka nafasi, kulegea na kukatika, ndipo anaitwa "broken-mouthed". Huyu anaweza bado kuzaa vizuri, lakini kwenye nyasi fupi za mlimani atakonda kwa kushindwa kukata. Umri wa meno hutofautiana kwa mbegu na malisho, kwa hiyo chukulia miezi hiyo kuwa makadirio.

Waislamu wa pwani wanazijua hesabu hizi kupitia Idd ya kuchinja. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi kwetu, kondoo wa udhhiya awe ametimiza mwaka, au meno yake ya mbele yawe yameng'oka hata kama mwaka haujatimia, ilimradi amevuka miezi 6. Mbuzi awe ametimiza miaka 2, ng'ombe 2, ngamia 5. Anayenunua mnyama kwa ukubwa wa mwili bila kutazama mdomo anaweza kununua mtoto aliyelishwa vizuri.

Mitego ya mnadani

Sasa yale maneno yanayoonekana mepesi lakini yanateleza.

"Mule" kwa Kiingereza cha kawaida ni nyumbu, yule anayetokana na punda na farasi. Kwenye mnada wa kondoo Uingereza ni chotara wa kondoo: baba ni Bluefaced Leicester, mama ni kondoo wa milimani, mara nyingi Swaledale. Mpango mzima wa ufugaji wa huko umejengwa juu yake. Swaledale jike huzaa milimani misimu mitatu au minne kwenye baridi na upepo, kisha huteremshwa kwenye malisho mazuri zaidi. Huyo anayeteremshwa ndiye "draft ewe". Huko chini anapandishwa na Bluefaced Leicester, wanazaliwa mules, na hao mules jike nao wanapandishwa na dume la nyama kama Texel au Suffolk. Wajukuu ndio wanaokwenda bucha. Ukisoma tangazo la "200 mule gimmer lambs" usitafute farasi.

"Store lambs" si wanakondoo wa dukani wala wa ghala. Ni wale walioachishwa kunyonya lakini hawajanona, wanauzwa kwa mtu mwenye malisho ili awamalizie. Walionona tayari kwa machinjio ni "prime", "finished" au, kwa wazee, "fat lambs".

"Cull" huwa inatafsiriwa "kuua". Kwa mfugaji ni kuondoa kundini: jike mwenye chuchu zilizokufa kwa ugonjwa wa kiwele, au mwenye meno yaliyovunjika, au anayekataa watoto. Mara nyingi mwisho wake ni machinjio kweli, ila neno lenyewe ni la uamuzi, si la kisu.

"Geld ewe" ni jike ambaye safari hii hakushika mimba. Ubaya ni kwamba "to geld" ni kuhasi, kwa hiyo kamusi inaweza kukuletea jike aliyehasiwa, kiumbe ambaye hayupo. Pia usiseme "tasa". Tasa ni hukumu ya maisha. Geld ni taarifa ya msimu.

Na "cast" ina sura mbili. Cast ewe ni jike aliyeondolewa kundini kwa uzee. Lakini ukisikia mtu anapiga kelele kwamba kondoo wake "is cast", acha kamusi ukimbie: kondoo amelala chali na hawezi kuinuka. Huwapata hasa wenye mimba kubwa au sufu nzito iliyolowa mvua. Akiwa chali gesi ya tumboni haipati njia ya kutoka, tumbo linavimba na kubana mapafu, naye anaweza kufa ndani ya saa chache, pengine kunguru wakimdonoa macho akiwa hai. Tiba haihitaji dawa. Shika sufu ya ubavuni kwa mikono miwili, mgeuze, msimamishe, kisha umshikilie kwa magoti dakika kadhaa. Wengi hukosea hapo mwisho. Wanamsimamisha na kumwachia, naye kwa kizunguzungu anapiga hatua tatu na kuanguka chali tena.

Neno moja la Kiingereza linafaa hata kwa mfugaji wa Njombe au Nyandarua, kwa sababu lina kazi ndani yake: "raddle". Ni rangi inayopakwa kifuani mwa dume, au donge la rangi lililofungwa kwa mkanda, ili kila jike atakayepandwa abaki na alama mgongoni. Dume mzima mmoja hutosha majike 40 hadi 50. Mzunguko wa joto wa kondoo ni siku 17 hivi, kwa hiyo rangi hubadilishwa kila siku 16 au 17, na lazima ianze nyepesi kwenda nzito, tuseme njano, kisha nyekundu, kisha bluu. Ukianza na bluu, njano ya pili haitaonekana juu yake. Jike mwenye njano peke yake alishika mimba raundi ya kwanza, na kwa kuwa mimba ni siku kama 147, unajua atazaa wiki gani. Akiwa na njano na nyekundu, alirudi joto. Mmoja mmoja akirudi ni kawaida. Wakirudi karibu wote, tatizo ni dume, na umeligundua mapema badala ya kungoja miezi mitano kwenye zizi lisilo na watoto.

Kwenye sahani

"Lamb" ni nyama ya kondoo wa chini ya mwaka mmoja au ambaye hajaota meno ya ukubwani. "Hogget" ni ya wa mwaka wa pili. "Mutton" ni ya mkubwa: nyekundu nzito, mafuta mengi, ladha kali, na inataka moto mdogo wa saa nyingi. Ukiichoma mutton kama unavyochoma lamb utatafuna mpaka taya lichoke, kisha utamlaumu mwenye bucha bure.

Hapa Afrika Mashariki, Ghuba na India mambo yanazidi kuchanganyika kwa sababu katika Kiingereza cha Wahindi "mutton" mara nyingi ni mbuzi. Migahawa mingi yenye upishi wa Kihindi imeichukua desturi hiyo, kwa hiyo mutton biryani ya Mombasa, Dar es Salaam au Dubai inaweza kuwa mbuzi mtupu. Hakuna udanganyifu hapo, ni lahaja tu. Kama una sababu ya kutaka kujua, uliza "mbuzi au kondoo?" na usiutegemee ubao wa bei.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Waingereza wana neno moja la mnyama na jingine la nyama kwa sababu wakulima walisema Kiingereza zizini na mabwana walisema Kifaransa mezani. Nusu yake ni kweli: mutton, beef, veal na pork yote yanatoka Kifaransa, na yaliingia baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066. Lakini mgawanyo huo wa zizi na meza haukuwa msafi hivyo tangu mwanzo. Kwa karne kadhaa maneno ya Kifaransa yalitumika pia kwa mnyama aliye hai, na mpaka ukaja kunyooka baadaye.

Kislovakia kinauliza: anakamuliwa?

Ukivuka kwenda Slovakia, acha hesabu za mkasi. Ovca ni jina la jumla na wakati huohuo ni jina la jike, kama ambavyo kwetu ukisema ng'ombe wa maziwa huna haja ya kuongeza jike. Dume ni baran. Mtoto ni jahňa. Jike aliyezaa au mwenye mimba ni bahnica, na mdogo ambaye bado hajazaa ni jarka. Hapo ndipo mfarika wetu anapopata mwenzake wa kweli, karibu zaidi kuliko gimmer. Dume aliyehasiwa ni škop, herufi hiyo yenye alama juu ikitamkwa "sh".

Hesabu nayo ina ukorofi wake. Kondoo mmoja ni jedna ovca, wawili ni dve ovce, lakini kuanzia watano neno linageuka umbo tena, päť oviec. Mwanakondoo ni jahňa, wakiwa wawili ni jahňatá, wakifika watano ni jahniat. Kiingereza kwa upande wake kimekataa kuhesabu kabisa: sheep mmoja, sheep mia. Aliyezoea Kiswahili, ambacho kinamwacha kondoo vilevile na kuhamishia kazi kwenye kitenzi, atajisikia nyumbani na Kiingereza na kuhangaika na Kislovakia.

Mitego ipo huku pia. Vlna ni sufu, na vlna ni wimbi la bahari. Simu ikikupa "mawimbi ya kondoo" usishangae. Valach kwa watu wengi ni farasi aliyehasiwa, lakini kwenye zizi la milimani ni mchungaji, na kumtafsiri vibaya ni kumtukana mtu. Jalovica ni mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa, ila jalová ovca ni kondoo aliyekosa mimba msimu huo, yaani yule geld wa Waingereza. Mzizi ni mmoja, habari ni mbili. Bravčové, nyama ya nguruwe, linatokana na brav, dume la nguruwe aliyehasiwa, ingawa mnunuzi wa leo halifikirii hilo. Na kanisani, pale ambapo sisi tunasema Mwana-Kondoo wa Mungu, Waslovakia hawatumii jahňa. Wanasema Baránok Boží, kutoka baran, dume. Mtafsiri wa nyimbo za Pasaka asiyelijua hili atatoa kitu ambacho mwumini hawezi kukiimba.

Nyama inafuata utaratibu mwepesi kuliko wa Kiingereza: jahňa anatoa jahňacina, baran anatoa baranina. Wanakondoo wengi huuzwa wadogo kabla ya Pasaka, na Italia ni soko lao la siku nyingi. Wakishaondoka, maziwa yanabaki ya mfugaji, na hapo ndipo msimu wenyewe unaanza. Kwa jadi makundi yalipanda malishoni siku ya Mtakatifu George, 24 Aprili, na kurudi kwa wenyewe siku ya Mtakatifu Demetrio, 26 Oktoba.

Kituo cha huko juu kinaitwa salaš. Kibanda cha kulala na kutengenezea jibini ni koliba. Mkuu ni bača, ambaye anawajibika kwa kondoo wa watu wengi na ndiye anayegandisha maziwa. Chini yake ni wale valasi, wachungaji wakamuaji, na honelník, kijana wa kuwasukuma kondoo. Zizi ni košiar, la vipande vya mbao vinavyohamishwa ili samadi isambae malishoni. Upande mmoja wa zizi kuna strunga, upenyo mwembamba wa kupitisha kondoo mmoja mmoja. Wakamuaji wanakaa hapo, wanamdaka anapopita, wanamkamua kwa nyuma, wanamwachia. Anayesafiri barabara za Slovakia leo ataona vibao vingi vya Salaš na Koliba. Asitarajie kondoo kila mahali. Vingi ni migahawa.

Maneno haya ya zizini, bača, strunga, bryndza, ukiyapeleka Romania yanaeleweka au yanakaribia. Si ajabu: wafugaji wa Kivlachi, jamaa wa Waromania, walihama na makundi yao wakifuata milima ya Carpathia kuanzia karne ya 14, wakafika Slovakia na kuacha ufundi wao pamoja na msamiati wake. Hata valach ni jina lao. Tofauti ni kwamba brânză ya Kiromania ni jibini kwa jumla, ilhali bryndza ya Kislovakia ni jibini moja mahususi.

Inatengenezwaje? Maziwa ya kondoo, mazito kwa mafuta na protini kuliko ya ng'ombe, hupashwa hadi nyuzi 30 au 32 za Selsiasi na kutiwa reneti, kimeng'enya cha kugandisha maziwa. Yakiganda, baada ya nusu saa hivi au zaidi kidogo, hukatwa vipande vidogo, hukusanywa kwa mikono chini ya chombo kuwa donge, na donge hilo hufungwa kwenye kitambaa na kutundikwa lichuruzike. Joto likizidi donge huwa kama mpira. Likipungua linabaki laini na halikauki. Ukikata mapema, mafuta yanapotelea majini. Donge ni hrudka. Likikaa siku kadhaa likachacha, linasagwa na chumvi kuwa bryndza, laini ya kupaka. Yale maji yaliyobaki yakipashwa moto mkali hutoa žinčica, kinywaji kizito kidogo kinachonywewa kwa kikombe cha mbao cha mpini uliochongwa, črpák. Mgeni aanze na kikombe kimoja. Ikiwa imechacha na tumbo halijaizoea, njia ya chooni ataifahamu haraka.

Kiwanda cha kwanza cha bryndza kilianzishwa Detva mwaka 1787, na tangu 2008 jina "Slovenská bryndza" linalindwa na Umoja wa Ulaya: lazima itoke Slovakia na angalau nusu yake iwe jibini la kondoo. Angalau nusu. Wengi wanadhani bryndza yote ni ya kondoo mtupu, lakini wakati wa baridi kondoo hawakamuliwi, kwa hiyo jibini la kondoo lililohifadhiwa tangu kiangazi huchanganywa na la ng'ombe. Dukani soma kivumishi: ovčí ni cha kondoo, kravský cha ng'ombe, kozí cha mbuzi. Mwisho wa neno utabadilika kufuata jina linaloandamana nalo, kwa hiyo utakuta ovčia bryndza lakini ovčí syr, na asiyekula maziwa ya ng'ombe atazame kama kuna neno lolote linaloanza na krav-.